Paka abaki, choo chake kisiwe kazi ya mama mjamzito

Mavuno yakishaingia ndani, nyumba nyingi za Masieda humkumbuka paka. Mahindi yamejaa kwenye magunia, maharage yako pembeni, na panya wameshapata habari. Asiye na paka huomba mtoto wa paka kwa jirani, humpa maziwa kidogo jioni, na usiku humfungia stoo pamoja na magunia. Kazi yake inaeleweka bila maelezo. Jambo moja tu halipangwi na mtu yeyote: atajisaidia wapi.

Kwa kuwa halipangwi, paka hujipangia mwenyewe. Hutafuta mahali pakavu, laini, panapofukulika kwa makucha. Katika nyumba nyingi za vijijini hapo ni kwenye majivu ya jikoni, kwenye lundo la mchanga ulioletwa kwa ajili ya ujenzi, kwenye tuta la mchicha lililotifuliwa jana, au juu ya pumba na mabua ya kulishia mifugo. Angalia tena sehemu hizo, mzazi. Kwenye mchanga ndiko watoto wanakocheza. Kwenye tuta ndiko mama anakochuma mboga. Na mabua ni chakula cha mbuzi na kondoo.

Harufu inasumbua, lakini harufu peke yake haijamdhuru mtu. Kinachopaswa kumsumbua mzazi ni kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, kiitwacho toksoplasma. Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Nicolle na Louis Manceaux, walikitambua mwaka 1908 mjini Tunis katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Ilichukua karibu miaka 60 zaidi kugundua kwamba paka na ndugu zake wa porini ndio wanyama pekee ambao kimelea hiki huzaliana tumboni mwao hadi kutoa mayai. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea, kisha hutoa mayai yake kwa mamilioni kwenye kinyesi, kwa kawaida wiki moja hadi tatu, na mara nyingi hilo hutokea anapoambukizwa kwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, paka mdogo anayeanza kuwinda ndiye wa kuangaliwa zaidi, na huyo ndiye hasa anayeombwa kwa jirani msimu wa mavuno.

Mtu mzima mwenye afya akiyameza mayai hayo, mara nyingi hata hajui. Anaweza kuhisi homa kidogo na uchovu, akadhani ni mafua, zikapita. Shida kubwa iko kwa mama mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba. Kimelea kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na maji kichwani, au na kovu ndani ya jicho ambalo huonekana miaka baadaye, pengine darasani, mtoto anaposhindwa kusoma ubaoni. Wengine walio hatarini ni watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka, wakiwemo wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa au wameziacha. Kwao kimelea kinaweza kushambulia ubongo.

Hapo ndipo mama mkwe huingilia kati. "Mwanangu, sisi tumelala na paka jikoni tangu zamani, na watoto tumezaa." Hasemi uongo. Mwanamke aliyekulia kijijini, akichezea mchanga na kula mboga za shambani, huenda aliambukizwa akiwa mtoto. Mwili wake ukajenga kinga, na kinga hiyo kwa kawaida huwalinda watoto atakaowabeba baadaye. Lakini mkaza mwana aliyekulia mjini katika nyumba ya sakafu ya vigae, akaolewa Masieda na kukutana na paka wa stoo akiwa na mimba ya miezi miwili, hana hakika ya kinga hiyo. Wote wawili wanaishi nyumba moja, na hatari yao si sawa. Tena kipimo cha ugonjwa huu si cha kawaida katika kliniki ya wajawazito kama kilivyo cha VVU au kaswende. Ndiyo maana kinga yenyewe inapaswa kuanzia nyumbani.

Wengine wakisikia haya hukimbilia kumfukuza paka, au kumtia kwenye gunia na kumtupa ng'ambo ya korongo. Huo ni uamuzi mbaya, na Mbulu ina sababu ya kuujua ubaya wake kuliko wilaya nyingi. Mwaka 2007 tauni, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya, ilizuka wilayani humo. Nyumba iliyojaa nafaka bila paka ni nyumba ya panya, na panya hana rekodi nzuri huko. (Paka naye anaweza kuugua tauni kwa kula panya mgonjwa. Paka mwenye homa na uvimbe shingoni asishikwe na watoto. Mwite mtaalamu wa mifugo.) Kumpapasa paka hakuleti toksoplasma kirahisi. Manyoya yake si tatizo. Tatizo ni kinyesi kilichokaa.

Neno "kilichokaa" lina uzito wake. Mayai ya toksoplasma yakitoka kwa paka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa, kutegemea joto na unyevu. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mengi huwa yameondoka kabla ya kukomaa. Kikiachwa, mayai hukomaa, na yakichanganyika na udongo wenye unyevu yanaweza kubaki hai kwa miezi mingi, hata kupita mwaka.

Sasa tuziangalie bidhaa za choo cha paka zinazotangazwa kila siku kwenye simu za wazazi, maana nazo zina historia yake. Zamani hata Ulaya na Marekani paka wa ndani aliwekewa sanduku la mchanga au majivu, kama ambavyo familia ya Masieda ingefanya leo. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis jimboni Michigan, mama mmoja alikuwa amechoka na nyayo za majivu zilizoachwa na paka wake nyumba nzima, na lundo lake la mchanga lilikuwa limeganda kwa baridi. Akaenda kwa jirani yake, Edward Lowe, kumwomba mchanga. Lowe alikuwa akiuza udongo mkavu wa chenga unaonyonya mafuta yaliyomwagika kwenye gereji. Akampa huo. Ulinyonya mkojo vizuri na haukuchafua sakafu. Lowe akaufunga kwenye mifuko, akauita Kitty Litter, akajitajirisha kwa kuuza udongo kwa watu waliokuwa na udongo tele nje ya milango yao.

Miaka ya 1980 ukaja udongo wa bentonaiti, unaoshikamana na kuwa bonge ukilowa, hivyo mwenye paka huchota bonge tu na kuacha uliobaki. Baadaye zikaja punje za silika zinazonyonya maji kama vile vipakiti vidogo unavyokuta kwenye boksi la viatu vipya, vidonge vya mbao iliyoshindiliwa, mchanga wa magunzi, wa ngano, wa karatasi, na ule wa mabaki ya soya unaobaki baada ya kutengeneza tofu. Na sasa kuna sanduku la umeme linalozunguka lenyewe paka akishatoka, likachambua mabonge na kuyadondosha kwenye droo iliyo chini. Baadhi yake humpima paka uzito na kutuma ujumbe kwenye simu. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuagiza mojawapo ya hizi wiki hii akitaka na akiwa na fedha.

Kaskazini mwa Tanzania pia kuna malighafi ya aina hii. Sinya, wilayani Longido karibu na mpaka wa Kenya, kuna sepiolaiti, lile jiwe jeupe jepesi ambalo kwa miaka mingi lilichongwa Arusha kuwa viko vya kuvutia tumbaku na kuuzwa nje ya nchi. Hispania, yenye machimbo makubwa ya madini hayohayo karibu na Madrid, huyasaga na kuyauza kama mchanga wa paka. Huku kwetu jiwe hilo lilijulikana kwa moshi wa wazungu.

Bidhaa hizi zina faida. Udongo wa bonge unaonyesha wazi paka amekojoa mara ngapi, na dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Silika hupunguza harufu kwa muda mrefu. Vidonge vya mbao havitimui vumbi jingi. Lakini soma matangazo yake kwa makini. Karibu yote yanauza ahadi moja: hutahitaji kugusa sanduku kwa siku kadhaa, na hutasikia harufu. Droo ya sanduku la umeme hutangazwa kuwa inaweza kukaa hata wiki nzima bila kumwagwa.

Kwa paka wa ghorofani anayekula chakula cha kopo na ambaye hajawahi kumla panya, ahadi hiyo haina madhara makubwa. Kwa paka anayewinda ni kinyume cha kinachotakiwa. Siku saba ndani ya droo zinatosha mayai kukomaa, na asiyesikia harufu hana kinachomkumbusha kumwaga. Mchanga wa gharama uliokaa siku nne ni hatari kuliko majivu yaliyobadilishwa asubuhi. Mzazi mwenye fedha ya kununua hizi bidhaa na anunue, ila ratiba ibaki ya kila siku.

Kwa nyumba ya kijijini, chombo kipo tayari. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 likilazwa na kukatwa ubavu wa juu linakuwa trei nzuri, refu la kutosha paka kugeuka. Kingo zipitishwe moto kidogo zisimchane. Beseni lililopasuka juu linafaa, karai kuukuu linafaa. Paka mdogo akatiwe upande mmoja uwe mfupi ili aweze kuingia.

Cha kuweka ndani kinahitaji kuchaguliwa. Mchanga wa korongoni paka wanaupenda, lakini haunyonyi. Mkojo huteremka chini na kukaa, na trei huwa nzito. Majivu huzuia harufu vizuri sana, ila yakilowa huwa makali na yanaweza kuchubua nyayo, na mara kwa mara hujificha kaa la moto ndani yake. Yachekeche, yapoe usiku kucha, kisha uyachanganye na mchanga badala ya kuyatumia peke yake. Maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala, yaleyale wanayowekewa vifaranga, ni mazuri na mepesi, mradi mbao hazikupakwa dawa ya mchwa. Pumba za mpunga, zile ngumu za nje ambazo mashine za Magugu huzitoa kwa malundo, nazo zinafaa. Pumba za mahindi au ngano usiweke. Utakuta kuku wamejaa kwenye trei kabla ya paka, na panya usiku kumfuata kuku.

Magunzi yapo kila nyumba na hayathaminiwi. Yakikauka na kupondwa kwenye kinu hadi kuwa chenga, yananyonya mkojo vizuri. Nchi nyingine hununua bidhaa ya namna hiyo kwenye mifuko yenye picha ya paka anayetabasamu. Kina cha sentimita 5 hadi 7 kinatosha. Paka wakiwa wawili, weka trei tatu ukiweza, maana wengine hawakubali kushirikiana choo, na hilo haliwahusu paka peke yao.

Trei iwekwe mahali patulivu, mbali na chakula chake na mbali na jiko. Kama paka hulala stoo, iwe stoo. Paka mdogo mwenye wiki nne au tano hujifunza kwa siku chache: akimaliza kula, anawekwa ndani ya trei, anafukua, anaelewa. Mchanga wa bonge wa dukani usitumike kwa wadogo hivyo, kwa sababu huwa wanauonja na unaweza kuvimba tumboni.

Halafu inakuja kazi yenyewe. Katika familia nyingi, kitu chochote kinachohitaji kuzolewa humwangukia mama, na mama akiwa amechoka humwangukia binti. Hapa mgawanyo huo una madhara ya moja kwa moja. Mama akishajua ana mimba, baba aichukue trei tangu siku hiyo hadi mtoto azaliwe. Baba wa Masieda anayetoa samadi zizini tangu utoto hana sababu ya kuogopa trei ya paka. Akiwa safarini, kijana mkubwa wa nyumba ashike zamu, avae mfuko wa plastiki mkononi, kisha anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama mama yuko peke yake kabisa na hana wa kumsaidia, afanye kila siku bila kuruka, avae glavu au mifuko miwili, na asitimue vumbi.

Vilivyochotwa vitumbukizwe kwenye choo cha shimo, au vifukiwe chini sana mbali na kisima na mbali na bustani. Visichanganywe na samadi itakayorudi kwenye mchicha. Wa mjini mwenye choo cha kuvuta asimwage humo udongo wa bonge. Utaziba bomba na fundi atacheka njia nzima.

Kuosha trei nako kuna kosa linalorudiwa sana. Wengi humwaga dawa ya kufulia ya klorini na kuamini wamemaliza. Mayai ya toksoplasma yana ganda gumu na huvumilia klorini. Kinachoyaua ni joto. Trei ikishamwagwa, ijazwe maji yanayochemka, iachwe dakika kadhaa, isuguliwe, ianikwe. Mara moja kwa wiki inatosha ikiwa kinyesi kinatolewa kila siku.

Tukubaliane lakini kwamba paka wa shamba hatajisaidia kwenye trei kila mara. Akiwa nje mchana atatumia nje. Kwa hiyo lundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe kwa turubai au mabati chakavu, hasa kama watoto wanachezea hapo bila viatu. Mbali na toksoplasma, kuna minyoo ya paka ambayo hupenya ngozi ya mguu na kuacha mistari ya kujipinda inayowasha usiku kucha. Tuta la mboga liwekewe matawi ya miiba mpaka miche ishike. Mboga zioshwe hata kama zinaonekana safi, na nyama iive hadi ndani, kwa sababu kimelea hikihiki hukaa kwenye nyama ya mbuzi, kondoo na nguruwe, na watu wengi hukipata kwa nyama mbichi kuliko kwa paka wao.

Mabua na pumba za mifugo nazo zifunikwe. Toksoplasma ni miongoni mwa sababu zinazojulikana duniani za kondoo na mbuzi kutupa mimba, na njia kuu ni chakula kilichochafuliwa na paka. Mfugaji anayeona kondoo wawili watatu wakitupa mimba msimu mmoja huwaza mambo mengi kabla ya kuwaza paka mdogo anayelala juu ya mabua. Amwite mtaalamu wa mifugo wa kata, na mizoga ya vitoto hivyo isishikwe na mama mjamzito wala isiachwe ikaliwa na paka.

Mama mjamzito ambaye tayari amekuwa akizoa trei miezi yote hii asilale na hofu. Wengi hawapati chochote. Aache kuzoa leo, na siku ya kliniki amweleze mhudumu kwamba nyumbani kuna paka anayewinda na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizoa. Aseme pia kama alipata homa na tezi kuvimba shingoni. Mhudumu akiona haja atampa rufaa kwenda hospitali kubwa kwa vipimo, na dawa zipo. Baba amsindikize siku hiyo, akitoka kumwaga trei na kunawa.